Gari Lisilosikika na Wajibu wa Askari Barabarani



Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi mjini Kigali isipokuwa iwe ya umeme. Mabasi ya umeme nayo yalianza kufanyiwa majaribio katika mji huo mwishoni mwa 2023. Na magari ya mseto, yaani yale yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, yamekwisha kuwa jambo la kawaida nchini. Huvuka msitu wa Nyungwe na kuteremka hadi hapa Kamembe bila mtu kuyashangaa. Hatua hiyo ni njema. Hapana mwenye akili timamu atakayelalamikia hewa safi, wala kuona huruma kwa kupungua kwa mafuta tunayoyaagiza kutoka ng'ambo. Lakini pamoja na manufaa hayo limekuja jambo moja ambalo halijapewa uzito unaostahili: chombo hicho hakisikiki kinapokaribia.

Tangu gari la kwanza lilipofika katika nchi hizi, mtu aendaye kwa miguu amejilinda kwa masikio kabla ya kujilinda kwa macho. Mama aliyejitwika kikapu kichwani hawezi kugeuza shingo kila mara. Huendelea na safari yake, akisikia mngurumo nyuma yake husogea kando. Mtoto achezaye karibu na barabara naye hufanya hivyo. Asiyeona, mwenye fimbo nyeupe, hana njia nyingine: husikiliza magari yapite, kisha huvuka. Ngurumo ya injini ilikuwa onyo ambalo hakuna aliyelipanga, na sasa onyo hilo limeondoka bila kuaga.

Yafaa tueleze jambo hili linavyokuwa, kwa sababu wengi hudhani kwamba hatari iko katika mwendo wa kasi. Sivyo. Gari linapokwenda kasi, magurudumu yake huvuma juu ya lami na upepo hupiga kelele, liwe la umeme au la petroli. Tofauti iko katika mwendo wa polepole, chini ya kilometa 20 hadi 30 kwa saa, ambapo sauti kubwa ya gari ni ya injini yake. Hapo ndipo gari la umeme huwa kama paka. Na mwendo huo wa polepole ndio wa sokoni, wa kituo cha mabasi, wa kuingia na kutoka maegeshoni, wa kurudi nyuma, na wa kupita katika lango la kambi.

Haya si maneno ya kubuni. Mwaka 2009, idara ya Marekani inayosimamia usalama barabarani ilitoa matokeo ya uchunguzi uliolinganisha magari ya mseto na ya kawaida. Katika shughuli za mwendo mdogo, kama vile kupunguza mwendo, kusimama na kurudi nyuma, uwezekano wa gari la mseto kumgonga mtu aendaye kwa miguu ulikuwa mara mbili ya ule wa gari la kawaida. Uingereza nako, wataalamu walipitia ajali za miaka ya 2013 hadi 2017, na mwaka 2024 wakatangaza kwamba, kwa kila maili iliyosafiriwa, magari ya umeme na ya mseto yaligonga waendao kwa miguu kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha magari ya petroli na dizeli. Mijini kiwango kilifika kiasi cha mara tatu. Mashambani haikuonekana tofauti, jambo linaloafikiana na maelezo tuliyokwisha kuyatoa.

Mataifa yenye viwanda hayakukaa kimya. Japani ilitoa mwongozo mwaka 2010. Marekani ilitia saini sheria yake Januari 2011, baada ya vyama vya wasioona kuidai kwa miaka kadhaa. Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni yake ya magari yasiyo na kelele mwaka 2016. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kila aina mpya ya gari la umeme au la mseto tangu Julai 2019, na kila gari jipya la namna hiyo tangu Julai 2021, sharti liwe na kifaa kinachotoa mlio wenyewe linapokwenda kwa mwendo usiozidi kilometa 20 kwa saa, na linaporudi nyuma.

Je, basi, jambo limekwisha? Halijakwisha, na hasa kwetu sisi. Magari mengi hufika nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwingine. Gari la mseto lililoundwa mwaka 2014 au 2016 lingali na nguvu zake, lakini huenda halina kifaa hicho hata kidogo. Mengine ya zamani yalikuwa na kitufe cha kuuzima mlio, hata kanuni za baadaye zikakipiga marufuku. Tena kanuni hiyo ya Umoja wa Mataifa inahusu magari, mabasi na malori, haikuzihusu pikipiki. Nasi hapa, katika vyombo vya umeme, tuliingia kwa mlango wa pikipiki. Chombo kilicho kingi zaidi kwetu ndicho ambacho kanuni ya dunia haikukigusa.

Tutazame sasa hali ya Rusizi. Wilaya hii ni ya milima na miteremko. Watu wake hutembea, na barabara iendayo mpakani hubeba miguu mingi kuliko magurudumu. Mvua ya huku, kama mjuavyo, haina haya. Inapopiga mabati na majani ya migomba, hata lori la dizeli husikika kwa shida, seuze pikipiki ya umeme inayoserereka mteremkoni. Kwa haki lazima tuseme kwamba ukimya barabarani hapa haukuletwa na umeme. Wako madereva waliozoea kuzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli, na baiskeli zilizosheheni mizigo katika bonde la Bugarama zimekuwa zikitujia kimya tangu zamani. Aliyewahi kukoswakoswa na baiskeli yenye mafungu mawili ya ndizi anafahamu tunalosema.

Honi si dawa. Dereva akipiga honi kwa kila mtu, mji hugeuka ngoma, na watu huacha kuisikiliza. Maoni yetu ni kwamba anayeendesha chombo kisichosikika ajihesabu kuwa ndiye pekee anayejua kwamba chombo hicho kipo. Aone kwa niaba yake na kwa niaba ya wenzake. Apunguze mwendo nyuma ya mtu aliyempa mgongo, na asirudi nyuma kabla ya kushuka kutazama.

Kwenu askari wa Jeshi, jambo hili lina sura yake. Kikosi kinapotoka alfajiri kwa mchakamchaka, wimbo hufunika kila sauti. Zamani dereva wa lori alisikika hata juu ya wimbo. Gari la mseto halitasikika. Kwa hiyo askari wa nyuma kabisa awe na taa na avae kizibao kinachong'aa, na kazi yake iwe kutazama nyuma, hata kama itampasa kuacha kuimba. Doria ya miguu ipite kushoto mwa barabara, ikitazamana na magari, maana hapa magari hupita kulia. Waliokulia Uganda au Tanzania wasiuchukue mguu wa mazoea. Askari wa lindo langoni naye asiongoze gari lirudilo nyuma akiwa amesimama nyuma yake.

Kwa askari wa Polisi, mbali na kuongoza magari kuna kazi ya kuandika. Kampeni ya Gerayo Amahoro, iliyozinduliwa na Polisi mwaka 2019, imewafundisha wananchi mengi kuhusu kivuko na mwendo. Lakini ajali inapotokea, na majeruhi akasema, "Sikusikia kitu," askari asikimbilie kuandika kwamba alikuwa mzembe, au kwamba alikuwa na simu sikioni. Huenda alisema kweli tupu. Kwanza ijulikane chombo kilikuwa cha aina gani: cha petroli, cha mseto au cha umeme. Kilikuwa kikienda mbele au kikirudi nyuma? Mvua ilikuwa ikinyesha? Kama ni gari, lina kifaa cha mlio, na je, kinafanya kazi? Wataalamu wa Uingereza waliweza kuhesabu kwa sababu polisi wao waliandika, na namba ya usajili ikaonyesha aina ya injini. Katika daftari la ajali la kituo cha Kamembe, kama katika kituo kingine chochote, nafasi ya kuandika neno hilo moja haizidi upana wa kidole.