Bidii na Ijara: Mhadhara juu ya Uvivu Anaonasibishiwa Mtu wa Kazi za Sulubu



Sikukusudia asilani kuufanya mhadhara wangu wa kwanza wa uprofesa kuwa jibu kwa watu, lakini imesemwa na kuandikwa mara nyingi siku hizi, tena na watu ambao elimu yao naiheshimu, ya kwamba mtu wa kazi za sulubu, yaani kuli wa bandarini, mchukuzi wa Kariakoo, mlinzi wa usiku, mfagiaji wa ofisi na mtumishi wa nyumbani, haja yake ya kwanza si kuongezwa ijara bali kutiwa moyo wa kazi, na ya kwamba akiongezwa fedha kabla ya kuupata moyo huo atazidi kulala. Historia ya kazi ya kulipwa katika pwani yetu, tangu utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897 hata kuzaliwa kwa vyama vya wafanyakazi baada ya Vita Vikuu vya Pili, mnaijua nyote, nami sitaisimulia upya. Nitaishika hoja hii moja tu niihoji nasaba yake, kwa sababu wanaoitumia huidhania kuwa imetokana na uchunguzi wa vijana wetu wa leo, hali ya kuwa imezaliwa mbali na hapa na zamani sana.

Mwaka 1771 Arthur Young, mwandishi mashuhuri wa mambo ya kilimo katika Uingereza, alishikilia kwamba watu wa tabaka la chini wasipowekwa katika ufukara hawatakuwa na bidii kamwe, na jambo hilo aliliona wazi kiasi cha kutohitaji ushahidi. Maskini hao aliowasema walikuwa Waingereza wenzake. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye maneno hayohayo yakaandikwa katika taarifa za maafisa wa kazi wa Kenya na Tanganyika, safari hii juu ya Mwafrika, ambaye ilidaiwa kwamba akisha kupata kodi ya kichwa na kitambaa cha mkewe hutupa jembe la bwana na kurudi kwao. Wanauchumi nao wakaichorea dhana hiyo mstari wa ugavi wa kazi unaopinda kurudi nyuma, ukawa somo la darasani. Sasa, ikiwa uvivu huu ni tabia ya Mwafrika, ulikuwaje kwanza tabia ya Mwingereza? Na ikiwa ni tabia ya vijana wa zama hizi, ulikuwaje tabia ya babu zao? Taifa la msemwa limebadilika, rangi yake imebadilika, karne imebadilika. Lililobaki palepale ni kwamba msemaji ndiye mwenye kulipa, na msemwa ndiye mwenye kulipwa. Dhana ambayo hufuata kiti cha msemaji kila kinakohamishwa haiwezi kuwa habari ya mtu anayesemwa.

Naomba mniruhusu nikae kidogo na kitabu nikipendacho, ambacho wengi hukitaja na wachache hukisoma. Adam Smith, katika *The Wealth of Nations* cha mwaka 1776, mlango wa nane wa kitabu cha kwanza, ameijibu hoja ya kina Young kwa utulivu ambao sijauona kwingineko. Anaanza na mizani ya nguvu: mabwana ni wachache, huafikiana kimyakimya juu ya kima cha ijara, na wanaweza kukaa mwaka mzima au zaidi pasipo kumwajiri mtu, hali wafanyakazi walio wengi hawana akiba ya wiki moja. Kisha anauliza kama ijara nzuri humlegeza mtu, naye ajibu kwamba humwongezea bidii, kwa kuwa huupa mwili nguvu na humpa matumaini ya kumaliza siku zake katika raha. Na kwa hiyo, asema, mahali penye ijara kubwa ndipo tuwaonapo watu wachangamfu na wepesi zaidi, Uingereza kuliko Uskoti, kandokando ya miji mikubwa kuliko mashambani mbali. Hakatai kwamba wapo watakaofanya kazi siku nne wapumzike tatu, lakini aonyesha kwamba walio wengi, wakilipwa vizuri kwa kila kipande cha kazi, huelekea kujiua kwa kazi: seremala wa London, asema, hadumu katika nguvu zake kamili zaidi ya miaka minane. Tazameni jinsi mwanachuoni huyu alivyoigeuza shutuma, hata hatari ikawa si kwamba maskini atalala, bali kwamba hatalala vya kutosha.

Fauka ya hayo, Smith hakuridhika na fikra tupu. Alimtaja Messance, mkusanya kodi wa Ufaransa, aliyelinganisha kazi iliyofanyika katika miaka ya chakula rahisi na ya chakula ghali katika viwanda vya sufu vya Elbeuf na vya kitani na hariri vya Rouen, akaona kwamba kazi ilizidi pale maskini alipokuwa ameshiba. Smith akaenda kutafuta hesabu za kitani cha Uskoti na za sufu ya Yorkshire apate kuithibitisha habari hiyo, na alipozikosa dalili wazi alisema hivyo bila kuficha. Unyofu huo ndio ulionifanya nimwamini katika yale mengine.

Habari za Marekani nitazipita upesi. Kiwanda cha Ford cha Highland Park, mwaka 1913, kililazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili kudumisha wafanyakazi wapatao 14,000, kwa jinsi watu walivyokuwa wakiacha kazi. Januari 1914 ijara ikapandishwa hata dola 5 kwa siku ya saa nane, zaidi ya maradufu, na kuacha kazi kukapungua sana. Si huruma iliyofanya hivyo, maana sehemu ya fedha hizo ilitolewa kwa masharti, na wakaguzi walitumwa majumbani kuangalia mwenendo wa wafanyakazi.

Ama kwetu, ushahidi umelala bandarini. Makuli wa Mombasa kabla ya miaka ya 1950 walikuwa aghalabu vibarua wa kutwa, na mabwana wa bandari waliwalaumu kwamba hawafanyi kazi ila siku chache za mwezi. Lakini ni nani aliyezihesabu siku ambazo kazi haikuwapo? Meli haziji kwa zamu: wiki hii huja nyingi kwa pamoja, wiki ijayo gati huwa tupu, na mwenye kupakua alitaka langoni pawe na watu wengi kuliko anaowahitaji, ili siku ya haja asikose hata mmoja. Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa hamali katika bandari ya Dar es Salaam zama shehena ilipokuwa ikishushwa kwa matishali, kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa mwaka 1956. Alitoka alfajiri, akasimama mbele ya mnyapara, na siku asipookotwa alikwenda kuvua, au kulima shamba la mihogo, kwa kuwa watoto hawangoji meli. Nilipokuwa mtoto nilimwona akishindwa kuufunga mkono wake wa kuume kwa uvimbe, naye akaamka vilevile. Katika daftari za ofisi siku yake ya mihogo iliandikwa utoro. Daftari za namna hiyo ndizo baadhi ya wenzangu wanazozinukuu hata leo kama burhani ya uvivu.

Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 wa Mombasa, makuli, watu wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumbani, waliacha kazi kwa siku 12, na madai yao yalikuwa nyongeza ya ijara na malipo sawa kwa kazi iliyo sawa. Mwezi Septemba wa mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam wakafuata, na wa Unguja mwaka 1948. Chege Kibachia, aliyeongoza shirikisho la wafanyakazi wa Mombasa, alikamatwa mwezi Agosti 1947 akahamishiwa Baringo kwa miaka mingi. Lakini serikali ilikwisha kuelewa kwamba kasoro ilikuwa katika ajira ya kutwa. Katika miaka ya 1950 kazi ya kutwa ikapunguzwa, makuli wakaandikishwa, ijara ikapanda, hasa baada ya mgomo wa mwaka 1955 ambao Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, alisaidia kuusuluhisha, na wale walioitwa watoro wakawa watu wa kudumu kazini miaka na miaka. Walikuwa mahamali wa pwani ileile. Kilichobadilika ni mkataba.

Insafu yanilazimu niseme na la upande wa pili. Kima cha chini cha mishahara kilipowekwa Tanganyika baada ya baraza la kima cha chini lililoongozwa na Chesworth, mwaka 1962, idadi ya watu walioajiriwa ilishuka, hususan katika mashamba ya mkonge, ambako matajiri waliwapunguza watu wakawataka waliobaki wafanye zaidi. Na bei ya mkonge ilipoanguka baadaye, mashaka yakazidi. Aliyekosa kazi kwa ajili ya nyongeza ya mwenzake ana haki ya kusikilizwa, nami simkatalii. Vilevile nakiri kwamba kijana mseja, mwenye shamba la baba yake na kodi ya kulipa, huenda kweli alirudi kwao fedha ilipotimia. Lakini shamba hilo ndilo lililokuwa pensheni yake, na tajiri aliyemshutumu kwa kulirudia hakumpa nyingine.

Hata baada ya kuyapima yote hayo, itikadi yangu imebaki ilipokuwa: bidii haina upungufu huko chini, bali ngazi ndiyo haba. Kuli anayeweza kuwa mwendesha winchi, kisha serahangi, kisha karani wa shehena, huhifadhi nguvu zake na jina lake kwa ajili ya kesho. Mlinzi wa usiku ambaye kampuni humwandika upya kila mwaka, ili asihesabiwe kuwa amekaa, ahifadhi nini? Kumhubiria huyu moyo wa kazi ni kumdai riba ya mali asiyokopeshwa.

Basi nawasihi wenzangu wa idara za uchumi na utawala, na wanafunzi watakaotumwa kukusanya takwimu mwaka huu: kabla ya kuandika neno lolote juu ya tabia ya mtu wa sulubu, mwulizeni alipewa kazi siku ngapi kati ya siku alizojitokeza, na katika kazi hiyo ni nani aliyepanda cheo miaka kumi iliyopita. Na majibu yake yaandikwe katika taarifa kwa maneno yake mwenyewe.