KUISEMA SERIKALI SI UHAINI

Hotuba iliyosomwa mjini Dodoma mbele ya wanachama na wapenzi wa chama



Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja linalowatisha watu wengi huku kwetu, tangu Kongwa mpaka Manyoni, tangu Kondoa mpaka Mpwapwa. Jambo lenyewe ni hili: je, mwananchi anayeilaumu Serikali yake hadharani ni haini?

Wapo wanaosema ndiyo. Wanasema aibu ya nyumba haitolewi nje, na anayeitoa anampa adui fimbo. Kwa sababu hiyo mtu hukaa mkutanoni kijijini, anajua kwamba fedha za kisima hazionekani, naye anauma ulimi kwa kuogopa kuitwa msaliti. Mkutano unakwisha, makofi yanapigwa, na akina mama wanarudi kufukua maji mchangani mtoni kama jana.

Ndugu zangu, tuitazame historia yetu wenyewe. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta yao. Walikusudia kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, hapo Kongwa, na Urambo, na Nachingwea. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na mvua zetu ni chache wala hazina ahadi. Kila Mgogo mwenye jembe alilijua hilo. Lakini Mgogo hakuwa na baraza la kusema neno likasikiwa. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na zaidi ya paundi milioni 35 zikawa zimepotea.

Sasa sikilizeni. Kule London wabunge na magazeti walimshambulia Waziri John Strachey waziwazi kwa ajili ya karanga hizo. Hapana aliyeitwa haini. Walakini hapa Tanganyika, mwaka 1958, Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa TANU, alipowalaumu mabwana DC wawili katika gazeti la Sauti ya TANU, alishtakiwa kwa kashfa. Akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ikalipwa, na kazi ya kudai Uhuru ikaendelea. Basi, kama kuilaumu serikali ni uhaini, waasisi wa Uhuru wetu tuwaite nani?

Tutajibiwa kwamba ile ilikuwa serikali ya wageni, na hii ni yetu. Hoja hiyo tunaipokea kwa mikono miwili. Ikiwa ni yetu, basi haki ya kuisema imezidi, haikupungua. Mwenye shamba haulizwi kwa nini amekagua mazao. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 8, inasema kwamba Serikali inapata madaraka yake yote kutoka kwa wananchi. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza.

Tena Katiba hiyo hiyo, ibara ya 28, inauita uhaini kosa la juu kabisa dhidi ya Jamhuri ya Muungano. Lishikeni vizuri neno hilo. Imetaja Jamhuri. Serikali ni mtumishi aliyeajiriwa kwa muda. Jamhuri ni sisi sote, nchi yetu, na watoto watakaozaliwa. Mtumishi akikosea, kumwambia amekosea ni kumtetea mwenye nyumba.

Sheria ya Kanuni ya Adhabu, kifungo cha 39, inataja mambo ya uhaini: kukusudia kumuua Rais, kufanya vita juu ya Jamhuri, kuwasaidia maadui zake, na mengine ya namna hiyo. Adhabu yake ni kunyongwa, na mshtakiwa hapewi dhamana. Sheria yenye makali kama hayo haikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeuliza hesabu za zahanati. Hata sheria ya uchochezi, tuliyoirithi kwa mkoloni, na ambayo imo katika Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, inakubali kwamba si uchochezi kuonyesha kuwa Serikali imekosea au imepotoshwa, ikiwa nia ni kusahihisha. Ikiwa si uchochezi, utakuwaje uhaini?

Ndugu wananchi, shtaka hili si la mchezo. Kule Zanzibar watu 18 wa chama cha CUF walishtakiwa kwa uhaini. Baadhi yao walikaa rumande karibu miaka mitatu. Mnamo Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba Zanzibar si dola peke yake, na kwa hiyo uhaini hauwezi kutendwa juu ya Serikali yake. Wakaachiwa. Lakini nani aliwarudishia miaka ile?

Na Aprili 2025 Mwenyekiti wa CHADEMA, Ndugu Tundu Lissu, mzaliwa wa Singida, jirani zetu hapa, alishtakiwa kwa uhaini kwa maneno aliyoyatamka juu ya kuzuia uchaguzi. Kuhukumu kesi ni kazi ya mahakama, nasi hatuwavalii mahakimu majoho yao. Lakini kila mwananchi, awe wa chama gani, anayo haki ya kuuliza: maneno matupu yanafika wapi hata yageuke kuwa vita? Tukiuacha mpaka huo bila kuujua, leo atavuka jirani, kesho tutaambiwa tumevuka sisi.

Wapo wenzetu wanaoogopa kwa nia njema. Wanakumbuka Januari 1964, askari walipoasi Dar es Salaam na maasi yakafika Tabora. Hofu hiyo tunaiheshimu. Lakini askari wale walishika bunduki. Mwenye bunduki na mwenye hoja hawawekwi kapu moja. Mtu aliyezibwa mdomo mkutanoni ndiye anayekwenda kunong'ona gizani, na ya gizani hakuna awezaye kuyajibu.

Kumbukeni pia ya halmashauri. Mwaka 1972 Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya, na mwaka 1976 ikavivunja vyama vya ushirika. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za kuvirudisha vyote viwili, na Mwalimu mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Pimeni jambo hili. Mtu ambaye mwaka 1976 angesimama na kusema, "Rudisheni ushirika wetu," pengine angeonekana mpinzani wa Taifa. Miaka sita baadaye maneno yake yangekuwa sheria ya nchi. Je, tungepata hasara gani kama angesikilizwa mapema? Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini haki hii ina wajibu wake. Ahadi ya mwana-TANU ilikuwa kusema kweli daima na kuiona fitina kuwa mwiko. Basi anayelaumu na aje na ushahidi, asije na uvumi. Ataje kosa, asitaje kabila wala dini ya mkosaji. Asitukane. Na akiweza, aseme dawa. Vilevile chama kinachodai Serikali isikosoe wakosoaji kwa pingu, kianze nyumbani: katibu wa tawi anayemfukuza mwanachama kwa kuuliza hesabu za kadi hana ulimi wa kuilaumu Serikali.

Kwa hiyo tunawaomba mrudi matawini mkafanye mambo mawili. Kila mkutano usomewe hesabu, na maswali yapewe nafasi kabla ya makofi. Na siku yule mwenye swali la kisima atakapoinuka, akaitwa msaliti, msimwache asimame peke yake. Simameni naye, hata kama hamkubaliani na neno lake moja.