Halwa Ibaki, Sukari ya Chai Ipungue

Maandishi ya mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Mombasa, kuhusu kupunguza uzani kidogo bila kuaga vitu vitamu



Mkazi wa Mombasa akiambiwa na daktari apunguze uzani, huwa tayari ameshasikia hukumu kichwani mwake: kwaheri halwa, kwaheri kaimati, kwaheri mahamri ya asubuhi. Hutoka zahanati akiwa amekata shauri. Siku tatu za mwanzo hagusi kitu kitamu. Siku ya nne kuna arusi, au hitma, au jirani ameleta sahani ya visheti, na shauri linavunjika. Muonja asali haonji mara moja. Wiki inayofuata amerudia yote aliyoyaacha, na juu yake ana huzuni ya kujiona ameshindwa.

Mazungumzo haya yana neno moja kwa mtu huyo. Huenda halwa si adui wake mkuu. Mara nyingi sukari iliyo nyingi zaidi katika siku yake imo mahali asipopahesabu, yaani ndani ya kikombe na chupa. Akianza kupunguza huko, kile kipande kidogo anachokipenda kinaweza kubaki.

Kwa nini kilo chache ni muhimu

Suala la uzani si la urembo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa takriban mwanamke mmoja kati ya watatu nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzani uliozidi kiasi. Uzani ukizidi, hasa unapokusanyika tumboni, hatari ya kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu huongezeka. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Familia nyingi za hapa zinajua maana yake: mzee aliyekatwa mguu, mama anayepelekwa kusafishwa damu kila wiki, mtoto aliyeacha kazi ili awe muuguzi wa nyumbani.

Habari njema ni kwamba mwili hauhitaji kilo nyingi ili upate nafuu. Mtu wa kilo 80 akipunguza kilo nne, hiyo ni asilimia 5 ya uzani wake, na kiasi hicho chaweza kuanza kuonekana katika vipimo vya sukari na presha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini haijafikia kisukari. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, likiwa na lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzani. Katika kundi hilo, waliopata kisukari walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake.

Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano. Anayeshuka matatu vituo viwili kabla ya chake ameshaanza.

Hesabu ya kikombe

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati yote ambayo mtu anaipata kwa siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayekula chakula cha kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, sawa na vijiko vidogo 12. Asilimia 5 ni vijiko sita. Katika hesabu hiyo asali imo, na juisi pia imo. Sukari nguru nayo ni sukari, hata kama rangi yake ni ya udongo. Kisichohesabiwa ni utamu ulio ndani ya tunda zima na ndani ya maziwa.

Sasa tumchukue mtu wa kawaida anayekunywa chai vikombe vinne kwa siku: kimoja alfajiri, kimoja saa nne kazini, kimoja alasiri, na cha mwisho usiku akizungumza na jamaa zake. Kila kikombe anatia vijiko vitatu. Vijiko vitatu mara vinne ni vijiko 12. Amefika mwisho wa kiasi chake, na bado hajala kitu kitamu hata kimoja. Kijiko kikijazwa kilima, ameshapita.

Mchana kuna jua kali, naye ananunua soda. Soda nyingi za kawaida huwa na takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ina gramu 30, yaani vijiko saba na nusu. Hakuna mtu anayeweza kutia vijiko saba na nusu katika gilasi ya maji akainywa bila kukunja uso. Ubaridi na gesi huuficha ule utamu.

Tatizo jingine la sukari ya kunywa ni kwamba haishibishi. Aliyekula ndizi mbili huhisi kuna kitu tumboni. Aliyekunywa soda, chakula chake cha mchana hakipungui hata tonge moja.

Mtu huyo wa vikombe vinne akishuka kutoka vijiko vitatu hadi kimoja kwa kila kikombe, anaokoa vijiko vinane kwa siku. Hizo ni gramu 32. Kwa siku 30 ni gramu 960, karibu pakiti nzima ya kilo moja ya sukari, ya mtu mmoja, kwa mwezi mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinapungua haba na haba vilevile. Nyumba yenye watu wazima watatu wa namna hiyo itaona tofauti hata kwenye hesabu ya duka.

Asishuke kwa siku moja. Ulimi una mazoea yake, na mazoea yana taabu. Wiki ya kwanza aondoe nusu kijiko katika kila kikombe, na wiki ya pili nusu nyingine. Tangawizi, iliki, mdalasini na mchaichai husaidia, maana chai yenye harufu nzuri haidai sukari nyingi. Baada ya wiki kadhaa, wengi huikuta ile chai ya zamani ni tamu kupita kiasi.

Wazee wa kahawa walijua kiasi

Mji huu una funzo lake lenyewe. Barazani jioni, muuza kahawa hupita na dele lake la shaba na vikombe vidogo. Kahawa ile ni tungu, haina sukari. Pembeni yake huwekwa kipande cha halwa, au kashata, au tende mbili tatu. Mtu humega kidogo, hupiga funda la kahawa, hukaa, huzungumza, humega tena. Utungu hukata utamu, na kipande kidogo huchukua muda mrefu kuisha.

Halwa ni sukari, wanga na samli, na hakuna awezaye kuiita chakula cha kupunguza uzani. Lakini kipande cha ukubwa wa vidole viwili, kikiliwa taratibu pamoja na kahawa tungu, si sawa na sahani nzima inayosukumwa na soda. Anayependa utamu na achague kitu kimoja anachokipenda kwa kweli, akiwekee siku na kiasi, kisha akile bila kujificha. Kinachomzidi mtu mara nyingi ni vile vitamu anavyokula bila hata kuvitamani: biskuti za ofisini, peremende za chenji, juisi ya pakiti aliyoinywa kwa sababu ilikuwapo.

Tunda zima pia ni utamu. Embe, papai, nanasi na chungwa vina nyuzinyuzi zinazoshibisha. Chungwa moja humtosha mtu, lakini gilasi ya juisi humeza machungwa matatu au zaidi, na nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio. Madafu nayo yana sukari yake ya asili, ila kwa kawaida ni pungufu kuliko ya soda.

Mafuta yasisahauliwe

Vitamu vingi vya Pwani vina sukari na mafuta kwa pamoja. Kaimati hukaangwa kisha huviringishwa katika shira. Hamri lina sukari, lina tui, kisha huzama katika mafuta. Gramu moja ya sukari ina kalori nne, na gramu moja ya mafuta ina kalori tisa. Kwa hiyo aliyezoea mahamri manne na mbaazi anaweza kula mawili akaongeza mbaazi, ambazo zina protini na hukaa tumboni. Mkate wa kumimina uliookwa hautumii mafuta mengi kama kitu kilichokaangwa, ingawa sukari yake lazima ihesabiwe. Mafuta ya kukaangia yawe ya moto wa kutosha kabla unga haujaingia, na kaimati zichujwe vizuri kabla ya kutiwa shira.

Mwezi wa Ramadhani una mtihani wake. Baada ya kufungua kwa tende na maji, sinia huja na tambi za sukari, kaimati, viazi vya nazi na juisi. Anayechunga uzani na achague kitamu kimoja kwa usiku mmoja, na maji yawe kinywaji chake kikuu hadi daku.

Mgeni, mwenyeji na maneno ya watu

Ugumu mkubwa mara nyingi hauko jikoni. Uko sebuleni. Mgeni akifika, heshima ni kumfungulia soda. Akikataa, mwenyeji huona amedharauliwa. Jambo hili linaweza kurekebishwa na wenyeji wenyewe. Chai ipikwe bila sukari, bakuli la sukari liwekwe mezani, kila mtu atie yake. Maji baridi yenye ndimu yaletwe pamoja na vinywaji vingine, si baada ya mgeni kuyaomba kwa aibu. Naye mgeni anaweza kusema, "Ahsante mama, leo nitaanza na maji," kisha akamega kipande kidogo cha kilichoandaliwa. Mkono wa mwenyeji haujarudishwa mtupu.

Kuna pia maneno. Mwanamke akipungua kilo tatu, huulizwa kama anaumwa, au kama nyumbani kuna matatizo. Mwanamume akipunguza kitambi, huambiwa pesa zimekwisha. Maneno haya yamewarudisha wengi nyuma. Jamaa akiona ndugu yake anajitahidi, na ampe moyo. Mume asiyeleta soda nyumbani kila jioni amemsaidia mkewe kuliko anayemhesabia vijiko.

Tahadhari

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asibadilishe ghafla kiasi cha chakula chake bila kuzungumza na daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, wakati huo anahitaji sukari upesi. Mama mjamzito au anayenyonyesha asianze mpango wa kupunguza uzani kwa uamuzi wake mwenyewe. Anayekonda bila kujaribu, huku ana kiu nyingi na anakwenda haja ndogo mara kwa mara, asifurahi, aende apimwe.

Dawa na majani ya kukondesha yanayouzwa mitaani kwa ahadi ya kuondoa kitambi kwa wiki moja yaepukwe. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na hata mwendo wa polepole zaidi ni ushindi.

Pa kuanzia

Mtu mzima asiye mjamzito anaweza kujipima nyumbani kwa kamba. Apime urefu wake kuanzia kisigino hadi utosi, aikate kamba hapo, kisha aikunje katikati. Kamba iliyokunjwa ikishindwa kuzunguka kiuno chake, hiyo ni dalili kwamba mafuta ya tumboni yamezidi na anafaa kupimwa sukari na presha.

Vipimo havihitaji safari ndefu. Tangu mwaka 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa vifaa vya kupimia uzani, presha na sukari, nao hupita nyumba kwa nyumba katika maeneo yao. Anayetaka ushauri wa lishe aulize katika kituo cha afya kilicho karibu naye.

Na kabla ya hayo yote, kesho asubuhi, kila mmoja na ahesabu vijiko anavyotia chai, cha kwanza hadi cha mwisho wa siku, aandike jumla yake. Hapo ndipo atajua pa kupunguza, na kama kipande chake cha halwa kina nafasi.