Anayekula Udongo Haponi kwa Kuzomewa



Katika masoko yetu ya Dar es Salaam, iwe hapa Goba au kule Temeke, hamkosi kuona vipande vya udongo uliokaushwa vimepangwa kando ya ndimu na tangawizi. Wanunuzi ni kina mama, hasa wajawazito. Tunawatania na kupita. Lakini wapo ambao wamekwisha jifungua, mtoto amekwisha tembea, na udongo bado hawajauacha. Wengine hutafuna mchele mbichi kutwa nzima.

Hili si jambo la mzaha. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inauweka ulaji huu, unapokithiri na kudhuru afya, katika kundi moja na maradhi ya kujinyima chakula hadi kukonda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wajawazito 971 wa hapa nchini wanaoishi na virusi vya UKIMWI ulionyesha kuwa 29 katika kila 100 walikula udongo. Tena upungufu wa damu ulionekana zaidi kwa hao wanaokula.

Swali langu leo ni hili: mtu huanzaje kuacha?

Jirani yangu mmoja ameniruhusu nisimulie yake bila kumtaja jina. Mumewe alimkaripia, mawifi wakamcheka. Je, aliacha? Thubutu! Alijifunza kuficha. Udongo ukahamia kwenye pindo la khanga, ukawa unaliwa usiku nyuma ya nyumba. Alipotishwa habari za minyoo aliogopa siku mbili. Ya tatu akarudi sokoni.

Kisha siku moja alimkuta mwanawe wa miaka mitatu amebandua kipande cha ukuta wa jiko, anatafuna, huku akimtazama mama yake kama mtoto anayengoja kusifiwa. Mama yule alilia. Kesho yake alikwenda zahanati bila kusukumwa na mtu. Muuguzi hakumwuliza kwa nini anakula uchafu. Alimwuliza, "Mama, ulianza lini?" Damu ikapimwa, ikaonekana pungufu, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Hakuacha siku ile. Alipunguza kidogo kidogo, akianguka na kuinuka, na leo mwezi wa nne hajaugusa.

Wasikilizaji, aibu humfanya mgonjwa awe hodari wa kuficha tu. Sababu ya kuanza kupona aliiona mwenyewe, katika kinywa cha mwanawe. Lakini sababu hiyo ingepotea bure kama zahanati nako angezomewa.

Basi wewe mwenye nyumba, ukikuta udongo katika pindo la khanga ya mkeo, usipige kelele. Muulize ulianza lini. Akiwa tayari, msindikize.