Kutunza Vipimo vya Maji katika Kifaa chenye Kumbukumbu Ndogo

(Maelezo ya mratibu wa miradi kwa kamati za sharika na wafadhili)



Mmetuuliza swali la haki: umeme wa sola ukikatika, je, vipimo vya tangi la maji vinabaki salama? Kwa vipimo hivyo tunapanga zamu za maji na kutoa taarifa kwenu, hivyo jibu ni la muhimu.

Moyo wa kifaa ni chipu aina ya ATmega328P. RAM yake ni baiti 2,048 tu. Kadi ya kumbukumbu nayo huandikwa kwa sekta za baiti 512, kwa hiyo kushika sekta moja kunachukua robo ya RAM yote.

Katika mfumo wa mafaili wa FAT, unaosomwa na kompyuta zetu, faili linapokua chipu hulazimika kuandika hadi mahali patatu: data yenyewe, jedwali la nafasi, na orodha inayotaja ukubwa wa faili. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kipimo kinaweza kuwamo kwenye kadi lakini kompyuta isikione.

Kwa hiyo tumechagua njia nyepesi. Kwanza, tunatengeneza faili moja kubwa kwenye kompyuta, sekta zake zikifuatana na zote zikiwa sifuri. Chipu hailikuzi faili, inalijaza tu. Pili, kila kipimo kinapewa sekta yake, pamoja na namba ya mfuatano na namba ya ukaguzi ya kugundua maandishi yaliyoharibika. Nafasi nyingi inabaki tupu, lakini kilicho haba ni RAM, si kadi. Kipimo kimoja kila dakika 10 ni sekta 52,560 kwa mwaka, yaani takriban megabaiti 27.

Umeme ukirudi, chipu hutazama katikati ya faili: pameandikwa au patupu? Huendelea kugawa nusu kwa nusu, na kwa hatua 16 hivi hupata pa kuendelea.

Kwa kawaida, basi, umeme ukikatika tunapoteza kipimo kimoja kilichokuwa kikiandikwa, si vya mwezi mzima. Hata hivyo kadi yenyewe huweza kufa. Tunaomba kila kamati iteue mtu wa kunakili faili kila mwezi, na nakala itunzwe ofisi ya usharika. Nanyi wafadhili, bajeti inapopangwa, kadi ya akiba isisahaulike.