Kupanga Mikono ya Trekta Dogo Kabla ya Kulima

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, walimu na wakulima wa Mngeta, Bonde la Kilombero



Jambo tulilokuja nalo ni dogo machoni, lakini katika mfuko wa mkulima ni kubwa. Nalo ni namna ya kuipanga mikono ya nyuma ya trekta dogo, ile inayoinua na kushusha plau. Methali husema, mchagua jembe si mkulima. Kweli, lakini methali haikusema kwamba mwenye kulitengeneza jembe lake si mkulima.

Desturi ya msimu mwaijua. Mvua za kwanza zikinyesha, udongo hulainika, na wenye matrekta huitwa huku na huku. Mkulima hulipa kwa eka. Ikiwa plau ilikaa upande, shamba huwa kama ngazi: palipoinuka maji hayasimami, na magugu humea, palipoinama maji hujaa, na miche ya mpunga huzama. Hapo fedha imekwisha kutoka, na mvua haimngoji mtu.

Mikono hii ina asili yake. Harry Ferguson, mtu wa Ireland, alipewa kazi mwaka 1917 ya kuangalia matrekta ya nchi yake ili chakula kizidi wakati wa vita. Siku zile plau ilikokotwa nyuma ya trekta kama gari linavyokokotwa na ng'ombe. Ikikwama katika kisiki, trekta liliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Basi akabuni mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, inayoinuliwa kwa nguvu ya mafuta, hata plau na trekta vikawa kitu kimoja. Mwaka 1939 kiwanda cha Ford huko Marekani kilianza kuunda matrekta ya namna hiyo, na mwaka 1946 trekta liitwalo TE20 likaanza kutoka Coventry, Uingereza. Matrekta madogo ya magurudumu manne yenye mikono mitatu yamefuata mfano huo. Yale ya magurudumu mawili, ambayo dereva huyashika kwa mikono yake, hayamo katika maneno yetu ya leo. Plau ya sahani nayo ina kanuni zake. Sisi twanena juu ya plau yenye ulimi na bamba la kupindua udongo upande wa kuume.

Sasa sikilizeni utaratibu wa kazi.

Kwanza, trekta lisimame mahali palipo sawa, na matairi ya pande mbili yawe na upepo sawa. Tairi moja likilegea, vipimo vyote vitakuwa vya uongo.

Pili, fungeni plau kwa pini zake tatu, kisha kazeni minyororo ya pembeni kiasi cha kuizuia isiyumbe huku na huku ikaligonga gurudumu.

Tatu, kumbukeni kwamba wakati wa kulima magurudumu ya kuume hupita ndani ya mfuo, yaani mtaro ulioachwa na plau, na ya kushoto hupita juu ya ardhi isiyolimwa. Kwa hiyo trekta huinama kuume. Ili kuuona mwinamo huo kabla ya kwenda shambani, pandisheni magurudumu ya kushoto juu ya magogo yenye unene sawa na kina mnachotaka. Kisha zungusheni fimbo ya kuinulia ya upande wa kuume, ifupike mpaka plau ikae sawa na ardhi. Trekta litakuwa limeinama, lakini plau itakuwa imenyoka. Hiyo ndiyo siri ya kazi yote.

Nne, angalieni mkono wa juu. Ukifupishwa, ncha ya plau huinama na kuingia ardhini kwa nguvu. Ukirefushwa, ncha huinuka na kisigino hushuka. Plau ikizama mno na kisigino kuning'inia, urefusheni kidogo. Plau ikiteleza juu ya ardhi bila kuingia, ufupisheni kidogo. Zungusheni mara moja au mbili tu, kisha mjaribu tena.

Tano, jueni kazi ya wenzo wa kuinulia. Kama plau ina gurudumu lake la kupimia kina, mikono iachwe huru, ipande na kushuka pamoja na ardhi. Kama wenzo umeishikilia mikono mahali pamoja, magurudumu ya mbele yakipanda kichuguu plau itazama, na yakiingia shimoni itainuka.

Kina gani kinafaa? Kwa shamba la mpunga, sentimita 15 mpaka 20 zatosha. Chini ya udongo laini wa shamba lililolimwa mpunga miaka mingi huwa kuna tabaka gumu linalozuia maji yasipotee chini. Mwenye kulivunja kwa tamaa ya kulima kina kirefu ametoboa chungu chake mwenyewe: maji yatazama, na trekta la mwaka ujao litakwama katika tope.

Tena kuna hatari. Mikono ile hushikiliwa na mafuta tu. Mtu asiingie chini ya plau iliyoinuliwa, hata kwa kuokota spana, na dereva aishushe chini kabla ya kuondoka katika kiti. Gogo au gari lililokwama lisifungwe kamwe kwenye mkono wa juu, kwa maana hapo trekta laweza kuinuka na kumpindukia dereva, kama yale ya zamani. Watoto hupenda kufuata plau, wakae mbali.

Mwisho, twatoa shauri moja. Mapatano na mwenye trekta yawe hivi: mfuo wa kwanza na wa pili ni ya kujaribu, kisha trekta lisimame. Mwalimu alete rula ya shule ya sentimita 30, apime kina mahali patatu, mwanzo, katikati na mwisho. Mwenye shamba atazame kama sakafu ya mfuo imelala sawa, na kama majani yamefunikwa. Ikiwa sivyo, dereva ageuze fimbo na mkono wa juu mpaka plau ikae vema, ndipo eka ianze kuhesabiwa. Dereva mwema hatachukia, kwa sababu plau iliyopangwa vizuri humpunguzia mafuta na kumlindia chombo chake. Nanyi wazee, mkiyasimamia mapatano hayo kijijini kabla ya mvua, mtakuwa mmewakata watu wenu magomvi mengi baada ya mvua.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia. Mwenye swali na aulize, na plau ile pale, twaweza kuipima pamoja.