Watoto Waliofichwa Nyumbani
Neno la katekista katika sikukuu ya jubilei ya parokia

Baba Askofu, Mababa Mapadri, Masista, ndugu wakristu, nanyi wageni mliotufikia Kamina kwa gari la moshi na kwa njia za vumbi,

Mniwie radhi nikianza kwa kuungama. Miaka kumi na miwili imepita tangu mama mmoja, mjane wa mtumikaji wa reli, aliponiletea kijana wake kwa mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Nilimwuliza: Mungu ni nani? Akacheka, akanishika kidole. Nikamwambia mama: Mrudishe, akili yake haitoshi. Seminari ndogo ilinipa Kilatini kingi, bali sikuwa nimesoma vema agizo la Papa Pius wa Kumi la mwaka 1910: hadai mtoto ajue katekisimu nzima, bali atambue mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida.

Padri alinisahihisha. Nikaenda kuomba msamaha, nikamkuta kijana amefungwa kamba mguuni, karibu na jiko. Mama yule si mkatili. Shamba lilimngoja, na hapakuwa na mtu wa kumwangalia mtoto. Majirani walinena habari za uchawi. Kumbe, kama mama alivyonisimulia, ni malaria ya ubongo iliyompata akiwa na miaka mitatu. Wengine huumia wakati wa kuzaliwa, hata kama mimba ilikuwa nzuri. Mchawi hayumo.

Jumuiya yetu ikapanga zamu: nyumba moja Jumatatu, nyingine Jumanne, mama aende shambani. Kamba ikafunguliwa. Kijana akajifunza kuchota maji na kufagia uwanja wa kanisa. Mwaka uliofuata nilimpa mkate wa chai, akaula mara moja. Nikamwonyesha altare, akapiga magoti. Sikumwuliza neno lingine.

Lakini nisiwadanganye kwa kuwa ni siku ya furaha. Wakati wa kupanda mahindi, zamu zilivunjika. Zilibaki nyumba mbili tu, na kamba ilirudi kwa majuma matatu. Mapendo ya siku moja ni mepesi (hata mimi nayaweza), ya kila Jumanne ni mazito.

Nchi yetu ilikubali mwaka 2015 mapatano ya Umoja wa Mataifa yanayosema mlemavu ana haki ya kuishi kati ya watu, tena tarehe 3 Mei 2022 ikatoa sheria yake ya kuwalinda. Ni vema. Walakini sheria haimwoshi mtoto asubuhi. Huko Lourdes, Pasaka ya mwaka 1971, wazazi waliokuwa wamekataliwa katika hija pamoja na watoto wao walikuja safari hii na maelfu ya wenzao. Ndipo ikazaliwa Foi et Lumière. Hawakungoja nyumba kubwa ijengwe.

Basi, wazee wa jumuiya, baada ya Misa nitakuwa mezani chini ya mwembe. Msinitajie majina kwa sauti. Niambieni tu nyumba, na siku ambayo ninyi wenyewe mnaweza kuishika, pamoja na majuma ya kupanda.